Chuma Ndani ya Kikombe

Je, kitu ulichojifundisha kukipenda, unakipenda kweli? Swali hili linaweza kuulizwa kuhusu pilipili, kahawa chungu, hata taarabu kwa mtu aliyekulia mbali na pwani. Mimi naliuliza kuhusu mvinyo mwekundu, kwa kuwa ndio ulioniaibisha mbele ya mjomba wangu. (Msomaji ambaye dini au afya inamkataza pombe asidhani namshawishi, aweke kahawa mahali pa mvinyo, hoja haitaharibika.)

Kwetu ni Mununga, ufukweni mwa Ziwa Mweru, upande wa Zambia. Kiswahili nilikisikia kwanza kwa wachuuzi wa samaki waliovuka kutoka Kongo, na baadaye kikanifikisha Dodoma kukisomea. Vinywaji nilivyovijua ni munkoyo, uji wa mahindi unaotiwa mizizi na kuachwa uchachuke kidogo, na katubi, pombe ya ulezi inayomiminiwa maji ya moto na kunyonywa kwa mrija. Dodoma nikakuta zabibu. Ardhi ile kame huvunwa zabibu mara mbili kwa mwaka, na mvinyo wake unapatikana hata kwenye maduka ya mtaani.

Mvinyo mkavu nilioonja kwanza sikuupenda. Ulikuwa na ukakasi kama wa pera bichi. Ukakasi huo hutoka kwenye maganda na mbegu, ambazo katika mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maji ya zabibu. Tanini zilizomo hukamatana na protini za mate, na kinywa kikabaki kikavu. Lakini wenzangu waliusifu, nami sikutaka kuonekana mshamba. Nikausifu. Baada ya miezi kadhaa sikujua tena kama nausifu kwa kuwa naupenda, au kwa kuwa nimezoea kuusifu.

Likizo ikafika, nikabeba chupa moja hadi nyumbani. Ilikuwa Oktoba, mwezi ambao kwetu hata kivuli kina joto. Mama alikuwa amepika chisense, dagaa wa Mweru waliokaushwa, kwa nyanya. Kwetu ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo kaka yake mama, tunayemwita bayama, si mtu wa kufanyiwa mzaha. Nikammiminia kwa mikono miwili. Akaonja, akatafuna chisense, akaonja tena.

“Mpwa wangu, kinywaji hiki kina chuma. Ni kama nimelamba jembe.”

Nikacheka. Nikamwambia, “Hamjazoea tu, bayama. Mvinyo ni kitu cha kujifunza.”

“Na wewe uliyejifunza, hukisikii hicho chuma?”

Nilikisikia. Nikajibu kwamba sikisikii.

Niliporudi chuoni nilisoma insha ya David Hume ya mwaka 1757 kuhusu kipimo cha ladha, na humo nikamkuta mjomba. Hume anasimulia kisa alichokitoa kwa Cervantes: ndugu wawili waliombwa waonje mvinyo wa pipa moja. Mmoja akasema ni mzuri, ila una ladha kidogo ya ngozi. Wa pili akasema ni mzuri, ila una ladha ya chuma. Watu wakawacheka sana. Pipa lilipomalizika, chini yake ukakutwa ufunguo wa zamani uliofungwa kwa ukanda wa ngozi. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba madini ya chuma yaliyomo katika mvinyo ndiyo yanayozidisha ladha mbaya ya shombo unapounywa pamoja na vyakula vya baharini. Sisemi kuwa hicho ndicho hasa alichokisikia mjomba kwa dagaa wa ziwani. Nasema kwamba aliyekuwa hajajifunza lolote alisema alichokionja, na aliyejifunza akakikana.

Kosa langu halikuwa kujifunza. Katubi nayo hujifunzwa. Mtoto akiionja mara ya kwanza huitema, na mjomba mwenyewe bila shaka aliitema. Hakuna anayezaliwa na ladha ya watu wazima. Aristotle aliona kwamba hata kufurahia mema ni jambo la kulelewa nalo tangu utotoni. Kwa hiyo kusema kwamba pendo la kujifunza ni la bandia kungetunyang'anya karibu kila tunachokipenda, pamoja na lugha hii ninayoandikia, ambayo si ya mama yangu.

Linalonisumbua ni lile neno “hamjazoea”. Neno hilo linaweza kuwa mlango: subiri, kuna kitu bado hujakisikia. Linaweza pia kuwa kufuli, kila anayelalamika akaambiwa hajui. Mimi nililitumia kama kufuli, na wa kwanza kufungiwa nje nilikuwa mimi mwenyewe. Tangu hapo naona kwamba ladha inaanza kuwa yangu siku ninapoweza kuitumia kuwakatalia walionifundisha: huu sawa, ule hapana, hata kama mnausifu.

Tukajaribu, wanafunzi watano. Chupa tulizifunika kwa magazeti, na kila mtu aliandika kabla ya yeyote kusema. Wa bei kubwa kuliko yote, uliotoka Afrika Kusini, kwenye karatasi yangu ulishika mkia. Niliouchagua ulikuwa mkavu wa Dodoma, wa bei ndogo, uliopozwa kidogo kwenye ndoo ya maji. (Ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu kwa joto la chumbani ulianzia kwenye nyumba za baridi za Ulaya, chumba cha Dodoma mchana ni jambo jingine.) Mwenzetu mmoja alichagua ule mtamu tuliokuwa tukimcheka nao. Je, alikosea? Nadhani mtu anaweza kukosea kuhusu kilichomo ndani ya pipa, lakini kuhusu furaha yake anakosea pale tu anapoisema isiyokuwapo. Yeye hakuisema.

Likizo iliyofuata nilibeba chupa ya mvinyo uleule niliouchagua. Nilianza kwa kumwambia mjomba kwamba siku ile nilikisikia chuma. Akatikisa kichwa bila kunitazama. Mama alikuwa amechoma mbuzi, na chupa ilikuwa imeshinda ndani ya kitenge kilicholoweshwa. Mjomba akala, akaonja, akangoja.

“Chuma kimeondoka,” alisema. Kisha akanirudishia kikombe na kuvuta chungu chake cha katubi, akanisogezea mrija wa pili.