Mjumbe Hauawi, Ila Anaulizwa

Juni 2024 wengi wetu tulikuwa na nadharia moja tu ya uwakilishi: mbunge ni mdomo wetu. Tuliwapigia simu, tukawajazia meseji, tukawaambia jibu la Mswada wa Fedha ni hapana. Tarehe 25 wabunge 195 wakapiga ndiyo, 106 wakapiga la. Hasira yetu, ukiitoa kelele, ilikuwa inasema hivi: hukutumwa huko ukafikirie, umetumwa ukaseme tulichosema.

Hasira hiyo bado naitetea. Nadharia ndiyo inanisumbua siku hizi, kwa sababu na mimi nimekuwa mjumbe.

Ni mjumbe wa Alcoholics Anonymous, ushirika wa watu wanaotaka kuacha pombe, ulioanzia Akron, Marekani, mwaka 1935. (Hatujitangazi kwa majina kwenye vyombo vya habari, ndiyo maana langu hulioni hapa.) Kundi letu la Nairobi lilinituma Nakuru kwa kikao cha wajumbe wa eneo. Marupurupu hakuna. Nauli ya matatu ilitoka kwenye kikapu chetu, chai na mandazi kwenye kikapu cha wenyeji. Pesa za watu wa nje hatupokei, hata za mwenye nia njema. Mimi nimekaa semina nyingi mjini hapa, na sijawahi kuona watu wakibishana kwa makini hivyo bila bahasha kuwangoja mlangoni.

Hoja kubwa ilikuwa kama tufunge laini ya simu ya usiku. Kundi langu lilikuwa limeniambia waziwazi: ifungwe. Watu wako WhatsApp, simu yenyewe hailii, na inakula pesa. Nikapiga kura nilivyotumwa. Theluthi mbili ikapatikana.

Bungeni hapo mambo yangekuwa yameisha. Kwetu, walioshindwa wanapewa nafasi ya kusema tena, baada ya kura. Mtu wa upande ulioshinda akiguswa, anaweza kuomba kura irudiwe. Bill Wilson, mmoja wa waanzilishi, alipoandika zile kanuni 12 za utumishi mwaka 1962, aliweka haki hiyo ya wachache mle ndani. Aliweka na haki nyingine, ya mjumbe kuamua kwa dhamiri yake.

Akasimama mama mmoja wa kundi dogo la mbali. Nabadilisha mambo mawili matatu asijulikane. Namba yetu aliipata kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani zahanati. Alikuwa na kabambe, intaneti hana. Akapiga saa tisa usiku, mtu akashika. "Mnasema hailii," akasema. "Mimi nilipiga mara moja tu." Akaketi.

Kijana mmoja aliyeunga mkono hoja akaomba kura irudiwe. Sasa mkono wangu uende wapi? Kundi langu halikuwepo. Halikumsikia huyo mama. Nikibadilisha kura, nimewaibia sauti yao. Nisipobadilisha, nilipanda matatu ya nini? Kama maoni yetu yalikuwa yamefungwa kabla ya safari, si kila kundi lingetuma tu namba yake kwa simu, tukaokoa nauli. Watu hawaketi pamoja ili kuhesabiana. Wanaketi kwa sababu kuna uwezekano wa mtu kusikia jambo ambalo nyumbani halikufika.

Lakini shida ni kwamba kila mbunge aliyetugeuka husema hayo hayo: nilipata maelezo zaidi. Kwa hiyo nikajiuliza swali jingine. Hii sababu iliyonigeuza, naweza kuibeba mpaka Nairobi nikaitoa yote mbele ya walionituma, bila kuficha kipande? Habari ya yule mama inabebeka. Bahasha haibebeki, wala ahadi ya cheo, wala ile hofu ya kumuudhi mkubwa. Halafu mjumbe lazima arudi kweli, aketi kwenye viti vilevile vya plastiki, aulizwe, na wakitaka wamtoe. Mbunge wangu nilimwona mara ya mwisho kwenye bango.

Nikainua mkono laini ibaki. Ikabaki, kwa mwaka mmoja.

Jumanne nikawaeleza wenzangu yote. Wengine walinyamaza, mmoja akasema angefanya vilevile. Mzee wetu, ambaye hajagusa pombe tangu mimi niko shule ya msingi, alikataa kabisa.

"Leo ni huyo mama. Kesho ni mtu mwenye mdomo mtamu tu. Sisi tutajuaje?"

Nikamwambia ndiyo maana nimekuja kuwaambia.

"Ungetupigia simu kabla ya kuinua mkono. Si kulikuwa na mapumziko ya chai?"

Nikasema chai ilikuwa imeshapita.

"Basi mngeomba nyingine."