Kabla Hujamwambia Mgonjwa Ajikaze

Mtu aliyepona homa ya Korona, lakini miezi mitatu baadaye bado anaishiwa nguvu kwa kupanda ngazi na kusahau analosema kabla hajalimaliza, huandamwa na ushauri wa aina moja: toka nje, tembea, ongeza kidogo kila siku, mwili utazoea. Ni ushauri mwema kwa mwenye kisukari. Huyu, mwenye Korona ya muda mrefu, unaweza kumwangusha kitandani, na Uingereza ilikuwa imeonywa kabla Korona haijazuka.

Mwaka 2007 NICE, chombo cha huko kinachotoa miongozo ya tiba, kilipendekeza mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua kwa wagonjwa wa ME, maradhi ya uchovu mkali ambayo mara nyingi huanza baada ya virusi na kufanana mno na Korona ya muda mrefu. Ilidhaniwa kwamba wamelegea kwa kukaa, tena wanaogopa kujishughulisha. Mwaka 2011 utafiti wa watu 641, ulioitwa PACE, ukaunga mkono ushauri huo. Wagonjwa waliposema mazoezi yanawazidishia ugonjwa, malalamiko yao yalichukuliwa kuwa ndiyo hofu yenyewe. Hili linaniuma: mtu kutoaminiwa kuhusu mwili wake mwenyewe.

Tazama na hesabu zilivyokwenda. Ili kuingia PACE, mgonjwa alitakiwa awe na alama 65 au pungufu kati ya 100 katika kipimo cha uwezo wa mwili. Baadaye, katika kipimo hichohicho, alama 60 zikahesabiwa kuwa zinatosha kwa aliyepona. Aliyeingia na 65 akatoka na 60 alikuwa amedhoofika, lakini kigezo hicho amekivuka! Mwaka 2016 baraza la rufaa liliamuru takwimu zitolewe, na wengine walipozichambua kwa vigezo vya awali, idadi ya waliopona ikashuka sana. Oktoba 2021 NICE ikaufuta ushauri wake.

Kilichokuwa kikitokea ndani ya misuli kilionekana vizuri zaidi Amsterdam. Januari 2024 mtafiti Rob Wüst na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 25 wa Korona ya muda mrefu na watu 21 wenye afya. Wote walipanda baiskeli ya mazoezi, na kipande kidogo cha nyama kikakatwa pajani wiki moja kabla na siku moja baada ya zoezi. Mitokondria, sehemu za seli zinazotumia oksijeni kugeuza sukari na mafuta kuwa nguvu, zilikuwa dhaifu kwa wagonjwa, na baada ya zoezi zikadhoofika zaidi. Nyuzi za misuli zilizoharibika nazo ziliongezeka. Seli ya namna hiyo hutegemea zaidi kuchoma sukari bila oksijeni, njia inayotoa nguvu kidogo, na misuli huchoka mapema. Kumhimiza mtu huyo hakuziponyi mitokondria.

Wala sisemi mazoezi ni sumu kwa kila aliyeugua Korona. Wapo wanaonufaika wakisimamiwa vizuri, na kulala mfululizo kuna madhara yake. Kinachotenganisha makundi haya ni swali ambalo mhimizaji mwenye haraka haulizi: kesho yake na keshokutwa inakuwaje? Maana kwa wanaodhurika, kuzidiwa baada ya juhudi huchelewa. Mgonjwa anaweza kutembea vizuri Jumatatu akitabasamu, na aliyemtembeza akarudi nyumbani ameridhika, kumbe Jumatano hawezi kunyanyua sufuria. Ndiyo maana Juni 2021 shirikisho la dunia la wataalamu wa fiziotherapia lilitaka hali hiyo ichunguzwe kabla ya kumwandikia mtu zoezi lolote.

Aliye na hali hiyo hufundishwa kuacha shughuli kabla hajachoka: anamenya viazi ameketi, anaoga kwenye kigoda, anagawa ufuaji kwa siku kadhaa na kuandika kila jioni alichofanya na alivyoamka. Daftari hilo ndilo la kwanza kusomwa. Likionyesha anaporomoka kila baada ya juhudi, baiskeli isubiri.