Kiziwi Aliyehubiri kwa Mikono

Mtume Paulo atufundisha ya kuwa imani huja kwa kusikia. Je! kiziwi ataipataje?

Mwaka 1880 waalimu waliokutana Milan, Italia, waliazimu ya kwamba watoto viziwi wafundishwe kwa kinywa, wala si kwa ishara. Katika shule nyingi mikono ya watoto ikazuiliwa. George Veditz wa Marekani, aliyepoteza kusikia akiwa mtoto wa miaka 8, aliiona hatari: lugha hii haina vitabu, wenye kuijua vema wakifa, itazikwa pamoja nao. Basi viziwi wakachanga fedha, wakafanyiza picha fupi za sinema. Wenyewe ndio waliochagua nani asimame apigwe picha. Mwaka 1913 Veditz akasimama, akanena kwa mikono yake kwamba lugha ya ishara ni kipawa walichopewa na Mungu. Sinema za siku zile hazikuwa na sauti, hata kiziwi hakupungukiwa na kitu! Picha ile ingaliko. Aliyekwisha kufa angali anena.

Tena mtazameni Bwana wetu katika Marko 7. Alipoletewa kiziwi alimtenga na mkutano, akamtia vidole masikioni, akamgusa ulimi, akatazama juu mbinguni. Ishara zilitangulia, neno likafuata, nalo moja tu.

Enyi waalimu wa usharika, kiziwi wa kwenu huketi wapi siku ya Bwana? Nyuma, karibu na mlango, asikoweza kuuona hata uso wa mhubiri?