Mabega ya Wakuu wa Tekoa

Fungua Nehemia 3. Wengi huiruka sura hii kwa sababu ni orodha ya majina tu. Mimi nilisomea biashara, orodha siruki. Mstari wa 12, Shalumu anajenga pamoja na binti zake. Mstari wa 5, Watekoa wanajenga lakini wakuu wao wanakataa kuinama. Na wameandikwa!

Sisi wa Machakos tuna mwethya. Mkoloni alilazimisha watu kuchimba matuta, wakanung'unika. Baadaye wakachimba kwa hiari, kina mama wakiwa mbele, na milima iliyokuwa uchi ikashika udongo. Kule Utooni, kikundi kilichoanza 1978 kimejenga mabwawa ya mchanga, wanakijiji wenyewe wakibeba mawe.

Sasa kikundi chetu cha huruma. Nasikia mtu akiuliza, "Pasta, kuna kitu kidogo?" Chai iko, posho hakuna. Simu za picha ziache nyumbani. Mjane anayepokea unga si bango la kanisa. Na pesa? Soma 2 Wakorintho 8. Paulo hakubeba mchango peke yake, aliogopa lawama. Basi wahesabu ni watatu, na karatasi inabandikwa ukutani kila mwezi, hata kama ni shilingi 50 ya boda.

Wakuu wa Tekoa wako hata hapa, wengine tunaketi nao viti vya mbele. Jumamosi saa mbili asubuhi tunachimba matuta kwa shamba la mama mmoja mjane, kabla mvua ya Novemba haijafika. Kuja na jembe. Daftari la majina litakuwa na mimi.