Tafakari ya Ramadhani, Siku ya 17: Fidia ya Badr na Mtoto wa Barazani

 

Leo ni tarehe 17 Ramadhani. Siku kama ya leo, mwaka wa 2 Hijria, Waislamu wapatao 313 walikutana na jeshi la Makuraishi pale Badr. Habari za vita mmezisikia mara nyingi. Leo nataka tutazame kilichofuata baada ya vita, maana kuna jambo pale tunalipita haraka haraka.

Mateka walikuwa kama 70. Ikaamuliwa wajikomboe kwa fidia. Mwenye mali alilipa, wengine mpaka dirhamu 4,000. Sasa fikiria hali ya Madina wakati ule. Muhajirina wameacha nyumba na biashara zao Makka. Kuna watu wanalala msikitini kwa kukosa pa kwenda. Fedha ilihitajika, tena sana. Lakini katika mateka walikuwemo wasiokuwa na mali ila wanajua kuandika. Hao Mtume (S.A.W) akawawekea fidia ya namna nyingine: kila mmoja afundishe watoto 10 wa Madina kuandika. Watoto wakishajua vizuri, mwalimu wao yuko huru.

Watoto wale hawakutoa hata dirhamu. Mji ulikuwa na njaa, na bado Mtume (S.A.W) akaona kalamu mkononi mwa mtoto ina thamani ya kumkomboa mtu.

Imepokewa kuwa miongoni mwa waliojifunza kuandika kwa njia hii alikuwa Zayd bin Thabit (R.A). Zayd alikuwa yatima. Alitaka kwenda Badr, akarudishwa kwa udogo wa umri. Jeshini hakufika, lakini Badr ikamletea kalamu. Na kalamu ile ndiyo baadaye iliyoandika wahyi, na wakati wa Khalifa Abu Bakr (R.A) yeye ndiye aliyepewa kazi ya kukusanya Qur'ani. Msahafu unaousoma mwezi huu, ndugu yangu, una jasho la yatima yule ndani yake.

*Sasa turudi kwetu.*

Mnalijua darasa letu la jioni pale ukumbi wa nyuma ya msikiti. Baada ya Alasiri, Jumatatu mpaka Alhamisi, watoto wa shule ya msingi wanasoma bure. Si madrasa, madrasa ina wakati wake. Hapa ni kusoma hadithi, hesabu, Kiingereza, sayansi kidogo, na kuchora kwa wanaopenda. Wengi ni watoto wa mama lishe, wa vijana wa bodaboda, na wa akina mama wanaofua nguo za watu.

Kuna anayeuliza: si shule za serikali hazina ada? Ni kweli, na tunashukuru. Lakini darasani wamejaa, na mwalimu ni mmoja. Aliyeelewa anaendelea, asiyeelewa anasubiri tuisheni. Mtaani kwetu tuisheni ni Sh 500 kwa siku. Mama mwenye watoto watatu hiyo ni Sh 1,500 kila siku, na faida ya vitumbua vyake wakati mwingine haifiki hapo. Kwa hiyo mtoto wa mwenye nacho anasoma mara mbili, mtoto wa asiye nacho anasoma mara moja, halafu mtihani unawapima pamoja.

Mwezi wa Shaaban tulikaa kikao. Ikatolewa hoja kwamba Ramadhani tulifunge darasa, fedha ya madaftari na chaki iende kwenye futari. Waliotoa hoja walikuwa na nia njema kabisa. Na nisijifiche: mimi niliwaunga mkono. Nilisema, tumbo kwanza.

Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama nje ya msikiti naongea kwenye simu na mfadhili mmoja, mtu mzito, kuhusu katoni za tende. Akaja kijana wa darasa la tatu, namjua, mama yake anauza vitumbua karibu na stendi. "Shikamoo Ustadh. Leo tena hakuna?" Nikamkunjia uso, nikampungia mkono aondoke. Nilipomaliza simu nikamwona amekaa barazani, ana kipande cha boksi na kaa la jiko, anaandika jedwali la saba. Alikuwa amefika saba mara sita, amekwama.

Wallahi nilirudi nyumbani sijisikii vizuri. Usiku nikawa napitia juzuu ya mwisho, nikafika Surat Abasa. Mnajua sababu ya kushuka kwake. Mtume (S.A.W) alikuwa anazungumza na wakubwa wa Kikuraishi, anatumaini wasilimu, uislamu upate nguvu. Nia njema kabisa. Akaja kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum (R.A), anataka kufundishwa. Na Mola akamuelekeza Mtume wake kwamba anayekuja mbio kutafuta elimu huku anamcha Mungu asiachwe kwa ajili ya anayejiona amejitosheleza. Kama mbora wa viumbe alielekezwa hivyo, mimi na simu yangu ya tende ni nani?

Na tazama ilivyokuwa baadaye. Kipofu yule Mtume (S.A.W) alimkirimu, akamwacha zaidi ya mara moja kuongoza watu Madina yeye alipokuwa safarini. Tena akawa muadhini. Bilal (R.A) alikuwa akiadhini usiku, na Mtume (S.A.W) akawafundisha watu kuwa wale na kunywa mpaka wasikie adhana ya Ibn Ummi Maktum. Yaani Madina nzima, wakubwa kwa wadogo, walifunga kinywa kwa sauti yake.

Ndugu zangu, huyu unayempungia mkono leo hujui kesho atakuwa nani. Lakini hata asipokuwa mtu mkubwa, akabaki fundi baiskeli au muuza vitumbua kama mama yake, bado ana haki ya kujua saba mara saba.

Nimerudi kwenye kamati nikawaambia nimekosea. Tumeelewana. *Darasa linafunguliwa Jumatatu ijayo inshaAllah*, saa 10:15 mpaka saa 11:45 jioni. Futari haipungui. Watoto waliofunga watafuturu pale pale kabla ya kurudi kwao, na wadogo wasiofunga watapata uji wao.

Tunaomba mambo matatu:

1. *Saa moja yako kwa wiki.* Walimu tuliobaki nao ni wanne: bibi yetu mwalimu mstaafu, vijana wawili waliomaliza kidato cha sita, na jirani yetu Mkristo anayefundisha hesabu tangu mwaka jana bila kudai hata nauli. Kuna aliyeniuliza kama inafaa. Ndugu yangu, Mtume (S.A.W) alikubali elimu ya kuandika kutoka kwa aliyekuwa amemshikia upanga juzi. Sisi tutakataa hesabu za jirani mwema?

2. *Sadaka, si zaka.* Zaka ina wenyewe, makundi manane yaliyotajwa katika Surat At-Tawba, na hatutaichanganya na chaki. Lete sadaka: daftari, penseli, kitabu cha hadithi ambacho mwanao ameshakimaliza.

3. *Mlete mtoto wa jirani.* Hasa binti anayebaki nyumbani kulea wadogo zake. Aje nao, mkeka upo. Hatuandikishi kwa ada, wala hatuulizi sare.

Na wewe mama unayesoma ujumbe huu ukiona aibu kwamba mwanao hana viatu: mlete. Aliyekosea juzi alikuwa mimi, si mwanao.

Yule kijana nilimfuata kwao jana baada ya Alasiri. Nikamuomba radhi mbele ya mama yake. Akacheka, akaniambia, "Ustadh, saba mara saba ni arobaini na tisa. Nimemuuliza konda."

Ewe Mola wetu, tukubalie swaumu zetu. Usitujaalie kuwa miongoni mwa wanaowakunjia uso wanaokuja kutafuta elimu. Wape watoto wetu elimu yenye manufaa, wape wazazi wao riziki ya halali, na warehemu mashahidi wa Badr. Amin.

Anayeweza kujitolea aniandikie moja kwa moja, au tuonane leo baada ya tarawehe. Mtumie na mwenzako.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.