Kalamu na Chungu

Tumezoea kuwaambia wanafunzi wetu kwamba elimu ni bahari, na kwamba atakaye kuivuka hana budi kujinyima. Tusilolisema ni kuwa katika chombo hicho yumo pia mtu anayempikia baharia. Katika makala haya twataka kuuliza swali ambalo ni fupi kulitamka na refu kulijibu: Mtu aandikapo tasnifu ya shahada ya uzamivu, ana haki gani juu ya saa za wale wanaomlisha? Hatuulizi kwa nia ya kumlaumu mtu yeyote. Swali hili lilitukuta nyumbani kwetu, karibu na sigiri, nasi hatukuwa tayari kulijibu.

Tunafundisha Kiswahili mjini Kampala. Wasomaji wetu wajua hali ya lugha hii nchini Uganda. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikawekwa kuwa lugha rasmi ya pili. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaafiki kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Uamuzi huo wa pili ulitukuta tukiwa tumekwisha rudi chuoni, watu wazima wenye nyumba na watoto watatu, tukiandika juu ya makosa ya upatanisho wa kisarufi kwa wanafunzi wasemao Kiganda. Tuliuona kuwa ni wito. Walimu wa kuwafundisha walimu walihitajika, nasi tukajiambia kuwa kila siku ya kuchelewa ni hasara kwa taifa.

Basi kazi yote ya jiko ikamwangukia mwenzetu wa nyumbani, ambaye naye ni mwalimu wa shule ya msingi. Alirudi kazini jioni kama sisi turudivyo, lakini sisi tulikwenda mezani penye karatasi, yeye akaenda penye moto. Anayejua matoke ajua kwamba si chakula cha kubandika na kusahau. Ndizi humenywa moja moja, zikafungwa katika majani ya mgomba, zikawekwa juu ya vipande vya bua ili zisiguse maji, zikaiva kwa mvuke. Zikisha kulainika hukandamizwa kwa mikono humo humo katika majani, kisha hurudishwa motoni zipate kuwa laini sawasawa. Kando yake kuna mchuzi wa karanga unaotaka kukorogwa. Sisi tulikula hayo yote macho yetu yakiwa katika sura ya tatu, na siku nyingine tuliinuka mezani tusijue tulikula nini.

Jioni moja mwenzetu aliitwa msibani kwa jamaa zake. Aliacha chungu cha maharagwe motoni, akatuonya kwamba yale yalikuwa maharagwe ya zamani, yaliyokaa sana ghalani, na maharagwe ya namna hiyo hukawia kuiva kuliko mapya. Kwa hiyo tuongeze maji ya moto kila yanapopungua. Tukaitikia. Wakati huo tulikuwa tukitafuta tarehe ya tanbihi moja tu. Tulipoinua kichwa, harufu ilikuwa imejaa nyumba nzima. Watoto walilala kwa mkate na chai ya rangi. Mwenzetu aliporudi usiku hakusema neno. Alichukua majivu akakisugua kile chungu mpaka kikatakata, nasi tukarudi kwenye tanbihi yetu. Leo hatuikumbuki tarehe ile tuliyokuwa tukiitafuta.

Miezi michache baadaye tulimpa asome ukurasa wa shukrani. Tulikuwa tumeandika, kama waandikavyo wengi, kwamba twamshukuru kwa uvumilivu wake. Alisoma mara mbili, kisha akasema, "Mwalimu, hapa pana kosa la msamiati. Mvumilivu ni mtu aliyekaa akangoja. Mimi sikukaa. Nilikupa saa zangu."

Sisi ambao kazi yetu ni kusahihisha maneno ya watu wengine tulinyamaza. Kisha tukafanya hesabu. Saa tatu za jiko kwa siku moja ni saa 1,095 kwa mwaka. Muda huo ungemtosha mtu kusoma kozi nzima na kuifanyia mtihani, na yeye alikuwa na fomu ya kuomba nafasi ya kusoma shahada ambayo aliikunja akaiweka kabatini mwaka ule ule tulioanza sisi.

Yafaa hapa tulitazame neno moja tulitumialo kila siku. Shule limetoka katika Kijerumani, na skuli, kama wasemavyo Zanzibar, limetoka katika Kiingereza. Lakini yote mawili asili yake ya mbali ni neno moja la Kiyunani, lenye maana ya faragha, yaani wakati ambao mtu ameachiliwa na kazi za lazima. Aristotle aliliona jambo hili waziwazi. Katika kitabu chake cha Metafizikia aeleza kuwa elimu ya hisabati ilianzia Misri kwa sababu makuhani wa huko walikuwa na nafasi. Ni kweli, bila nafasi hakuna elimu. Lakini swali la pili hakulipa uzito ule ule: Nafasi hiyo ilitoka kwa nani? Katika Athens ya zamani zake ilitoka kwa wanawake na watumwa, na mwenyewe katika kitabu cha Siasa aliutetea utumwa kuwa ni jambo la maumbile. Faragha haidondoki kutoka mbinguni. Mmoja akiipata, mara nyingi yupo mwingine aliyeikosa.

Yuko mwanamke aliyemjibu Aristotle kutoka jikoni. Huyo ni Sor Juana Inés de la Cruz, mtawa na mshairi wa Meksiko, ambaye mwaka 1691 aliandika barua ya kutetea haki ya wanawake kusoma. Humo asimulia mambo ya maumbile aliyojifunza alipokuwa akipika, kama vile tabia ya yai katika mafuta na katika shira ya sukari, na aonyesha kuwa mwanafalsafa yule angeandika mengi zaidi lau angalipika. Twaipenda hoja hiyo, maana yatukumbusha kuwa mwenye kupika naye ni mwenye akili. Hata hivyo haitoshi kulitatua suala letu. Mwenzetu hakulalamika kwamba jikoni hakuna elimu. Alisema saa zake zilitumika, na matunda yake yakaandikwa jina la mtu mwingine.

Wako watakaotujibu kwamba kugawana kazi si dhuluma. Jifya moja haliinjiki chungu. Huyu aandike, yule apike, na nyumba isimame. Twakubali, ila kwa sharti moja: mafiga yaweze kubadilishana mahali. Kama mmoja ndiye apikaye leo na kesho na mtondo, na mwenziwe hatapika kamwe, huo si mgawanyo tena, ni daraja la juu na daraja la chini. Wengine watasema kuwa yeye mwenyewe aliridhia. Naam, aliridhia, lakini hatukupata kumwuliza; na ridhaa ya mtu asiyeulizwa ni nyepesi mno kuibebesha miaka minne. Wengine tena watasema kuwa shahada ni faida ya nyumba nzima. Huenda mshahara ukawa wa nyumba nzima. Lakini mlangoni wageni wakibisha hodi watamwita mtu mmoja Daktari.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hapa ndipo tulipofikia baada ya kufikiri sana: shukrani ni hati ya kukiri deni, si malipo. Mkopo wa fedha hulipwa kwa fedha, na mkopo wa saa hulipwa kwa saa. Tukaufuta ule mstari wa uvumilivu, tukaandika kwamba mwenzetu alitukopesha wakati wake. Tukamwomba aitoe fomu kabatini. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa zikawa zamu zetu za jiko. Matoke yetu ya kwanza yalikuwa mabichi katikati, na watoto hawakutuficha. Jirani mmoja mzee alituuliza kwa upole kama mama wa nyumba anaumwa, maana kwa desturi za huku mwanamume kuonekana akifunga ndizi katika majani ni jambo la kuulizwa.

Hatutaki kuwadanganya wasomaji kwamba jiko lilituboreshea tasnifu. Tuliikabidhi miezi mitano baada ya muda tuliojiwekea, na sura ya mwisho ni fupi kuliko tulivyotaka iwe. Hiyo ni hasara, nasi twaihesabu kuwa hasara. Twasema tu kwamba ilikuwa hasara yetu kuibeba, wala si ya mtu mwingine. Kabla ya hapo tuliibebesha nyumba nzima na kuiita bidii.

Ndugu walimu, jambo hili haliwahusu waandishi wa tasnifu peke yao. Katika lugha yetu neno "kazi ya nyumbani" lina maana mbili: zoezi ambalo mwalimu humpa mwanafunzi, na kazi ya kufagia, kuteka maji na kupika. Alikuwapo msichana darasani kwetu ambaye mara kwa mara alikuja bila zoezi. Tulimwuliza mbele ya wenziwe kwa nini hakufanya kazi ya nyumbani. Akajibu kwa sauti ndogo, "Niliifanya, Mwalimu." Darasa likacheka, nasi tukamwadhibu kwa uongo. Ilitupasa kupita miaka mingi, na kuunguza chungu kimoja, ndipo tukafahamu kwamba alisema kweli. Kakake alikuwa katika mkondo wa pili wa darasa lile lile, na mazoezi yake hayakukosekana hata siku moja. Hatukupata kuuliza ni nani aliyekuwa akimpikia.

Siku hizi twauliza. Tukiona daftari tupu, twauliza kwanza ni nani apikaye nyumbani, na zamu ikoje, na mara nyingine twamwita mzazi tuzungumze naye. Hatujui kama tumemsaidia kila mtoto. Wenzetu watakaokuwa na njia iliyo bora watuandikie katika kurasa hizi. Sisi leo ni Ijumaa, na maharagwe yanataka maji. Mwenzetu yuko mezani, anaandika insha yake ya muhula wa pili.