Nyumba Tuliyoipita Bila Kubisha Hodi



Leo nataka tuongee juu ya jambo ambalo darasani nilidhani nimelielewa, hata mtihani wake nilifanya vizuri, kumbe wapi. Ni hili la kumhukumu mtu kabla ya kumjua, na jinsi hukumu hiyo inavyozaa ubaguzi. Au inavyozaliwa na ubaguzi. Hapo ndipo nilipokwama.

Baada ya kumaliza falsafa nilitumwa mwaka wa kichungaji katika parokia moja huko Usukumani. Kazi yangu mojawapo ilikuwa kuzunguka vigangoni na katekista, tukitembelea wagonjwa na wazee. Siku moja ya mwezi wa nane tulikuwa na orodha ya kaya saba. Tulipofika ya tano, kibanda cha udongo kilichoezekwa nyasi, katekista hakupunguza hata mwendo. Nikamwuliza, "Mwalimu, hapa si ndipo kwa yule bibi aliyeandikwa?" Akanijibu kwa sauti ya chini, "Frateri, hapa tupite tu. Utakuja kuelewa." Nikageuza shingo. Bibi alikuwa amekaa mlangoni anatutazama, macho yake mekundu kabisa. Nikaelewa palepale. Na nikapita.

Naomba mwangalie vizuri kilichotokea pale. Mimi sikuamini kwamba bibi yule ni mchawi. Ungeniuliza siku ile ningekupa hotuba ya nusu saa kuhusu imani potofu, pamoja na mistari ya Maandiko. Sikumchukia, hata jina lake nilikuwa nimelisoma tu kwenye karatasi. Nilipita kwa sababu nilikuwa mgeni, sikutaka kumvunjia heshima katekista aliyenizidi umri, na pia, niseme ukweli, niliwaza watu wa kaya ya sita wangenitazamaje wakijua nimetokea kwake. Yaani nilimbagua mtu ambaye sikuwa na dhana yoyote mbaya juu yake. Darasani kitu hicho hakikuwepo.

Darasani mambo yalikuwa yamenyooka. Waroma walikuwa na neno praeiudicium: prae ni kabla, iudicium ni hukumu. Mtu anabeba hukumu ya awali kichwani, hukumu inazaa hofu au dharau, halafu hofu na dharau zinazaa tendo la kubagua. Dawa yake ni elimu: sahihisha wazo, tendo litajisahihisha lenyewe. (Gadamer, katika kitabu chake cha mwaka 1960, anatukumbusha kwamba si kila hukumu ya awali ni mbaya, maana hakuna anayeanza kuelewa kitu akiwa mtupu. Hilo tuliache, siku nyingine.)

Sasa chukua mfano huu wa macho mekundu. Sehemu nyingi za Usukumani miti imepungua sana. Kuni zikikosekana akina mama wanapikia mabua, na wanapikia mavi makavu ya ng'ombe. Moshi wake ni mkali. Mtu akiupika huo moshi miaka arobaini ndani ya jiko lisilo na dirisha, macho yatakuwaje? Jambo hili si siri. Madaktari wamelisema, redio zimelisema, mapadre wamelihubiri. Hata wale vijana wa kigangoni walinieleza wenyewe bila kuulizwa. Na bado, kwa miaka mingi, ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikihesabu watu wanaouawa kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi wanaotajwa ni akina mama wazee wa kanda hiyohiyo. Basi kama tatizo ni kutojua tu, mbona waliojua bado wanapita pembeni? Mbona mimi nilipita?

Kuna utafiti mmoja ulionitoa usingizini. Mchumi wa Marekani, Edward Miguel, alikusanya taarifa za vijiji 67 vya wilaya ya Meatu, ambayo leo iko mkoa wa Simiyu, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2005. Alilinganisha mvua na mauaji. Akakuta kwamba katika miaka ya ukame mkali au mafuriko, mauaji ya watu waliodaiwa kuwa wachawi yalikuwa karibu mara mbili ya miaka mingine. Mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka hivyo. Waliouawa wengi wao walikuwa wanawake wazee, na mara nyingi mkono wa ndugu ulikuwemo.

Tulia hapo kidogo. Imani ya uchawi haiji na mvua na kuondoka na mvua. Ipo mwaka mzuri na ipo mwaka mbaya. Kinachobadilika ni chakula ghalani. Mwaka wa njaa familia inapungukiwa, na mdomo wa mtu asiyeweza tena kulima unaanza kuonekana mzito. Hakuna mtu anayeweza kusimama mbele ya ukoo akasema, "Mama huyu anakula na halimi, tumwondoe." Lakini akisema, "Mama huyu ndiye aliyemuua mtoto kwa degedege," atasikilizwa. Dhana ilikuwa imewekwa stoo muda wote; shida ilipokuja ikatolewa na kuvalishwa kazi. Wakati mwingine si hata njaa. Ni shamba la mjane ambalo shemeji analitaka.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliliona jambo hili muda mrefu kabla ya wachumi. Katika Summa, anapojadili hukumu inayotokana na kushuku tu, anataja vyanzo vitatu. Kwanza, mtu akiwa na ubaya ndani yake anadhani wenzake wako hivyohivyo. Pili, mtu akiwa na kinyongo au wivu na mwenzake, dalili ndogo tu inamtosha kumhukumu. Tatu ni uzoefu wa maisha marefu, ndiyo maana wazee hushuku sana. Ona kwamba viwili vya kwanza havianzii kichwani. Vinaanzia moyoni, kwa kile ambacho tayari nakitaka au tayari nakichukia, halafu akili inaitwa baadaye kama wakili wa kukodiwa. Anaendelea kusema kwamba ni afadhali kukosea mara nyingi kwa kumdhania mema mtu mbaya kuliko kukosea mara chache kwa kumdhania mabaya mtu mwema, maana huyu wa pili unamdhulumu. Kuna kijana atasema, "Frateri, mjini hapa utaibiwa." Sawa, funga mlango wako usiku, Tomaso mwenyewe anaruhusu tahadhari. Kufunga mlango hakukulazimishi kuamua kwamba jirani yako ni mwizi.

Baada ya wiki mbili nilirudi kwa yule bibi, peke yangu. Nikapiga hodi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye Frateri uliyepita na mwalimu."

Hakuwa ananiuliza. Nikasema ndiyo, ndimi. Akanisogezea kigoda, akaendelea kukoroga chungu chake. Kwa kweli sijui tulikaa muda gani kabla sijaanza kufuta machozi kwa shati, maana moshi ule haukuwa wa mchezo. Alikuwa anapikia mavi ya ng'ombe. Nikamwuliza kama hapati kuni. Akasema zamani wajukuu wawili walikuwa wanaishi naye, wao ndio waliokuwa wanakwenda mbali kutafuta kuni. Maneno yalipoanza, mama yao alikuja akawachukua. Tangu hapo anachoma anachookota karibu.

Mimi nilikuwa nimejipangia kwamba macho yake yalikuwa mekundu kwanza, watu wakamdhania vibaya, kisha wakamtenga. Kwa maelezo yake mambo yalikwenda pia kinyume chake. Walimtenga, akakosa wa kumletea kuni, akaingia kwenye moshi mkali zaidi, na sasa wekundu wa macho umekuwa ushahidi. Waliomtenga ndio wanaoendelea kumpaka rangi, halafu wanamwonyesha kidole kwa sababu ya rangi hiyo. Na kwa kuwa hakuna anayeingia ndani, hakuna anayeona chungu.

Wa mjini msicheke. Angalieni vijana wa bodaboda kwenye parokia zetu. Tunasema ni wahuni. Kwa hiyo kwenye jumuiya hatuwapi kazi, kwaya hatuwaiti, ratiba ya vikao tunaipanga saa ambayo wao ndiyo wanapata abiria. Wanabaki kijiweni. Baada ya mwaka tunasema, "Si mnaona? Hata kanisani hawaji." Mwanasaikolojia Gordon Allport, katika kitabu chake cha mwaka 1954, alipanga ngazi za chuki: kwanza ni maneno, kisha kuepuka, kisha kubagua, kisha kushambulia, mwisho kuangamiza. Kuepuka kunakaa ngazi ya pili, mahali ambapo mtu mstaarabu kama mimi anaweza kuishi miaka yote bila dhamiri kumsumbua. Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni ya mwaka 1928, inamkamata anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Haimkamati anayepita bila kubisha hodi.

Katika Injili ya Yohane, Nathanaeli alipoambiwa habari za Yesu aliuliza kama kuna jema lolote linaloweza kutoka Nazareti. Ni dharau ya wazi kwa watu wa kijiji kizima. Na huyo ndiye ambaye Yesu atamsifu muda mfupi baadaye kuwa hana hila. Zamani nilidhani Yesu anamsamehe tu. Siku hizi naona tofauti iliyopo kati yake na mimi: yeye alikuwa na dhana mbaya kichwani, lakini Filipo alipomwambia aje aone, aliinuka akaenda. Mimi kichwani nilikuwa safi. Miguu ndiyo iliyokataa.

Kabla sijaaga, bibi aliomba jambo moja. Mwezi wa Rozari ulikuwa unakaribia, na jumuiya huzunguka kusali nyumba kwa nyumba. Kwake hawajafika miaka mitatu. Akaomba jina lake lirudishwe kwenye ratiba.

Nilimfikishia katekista. Hakufurahi, na kwa siku kadhaa tulisalimiana kwa adabu tu. Mwenyekiti wa jumuiya akasema italeta mgawanyiko. Paroko ndiye aliyeamua, jina likaandikwa, Jumanne ya wiki ya tatu. Kwa kawaida tulikuwa tunafika watu kumi na wanane. Jumanne ile tulifika watano, katekista akiwemo, akakaa karibu kabisa na njia. Bibi alikuwa amefagia uwanja wote, na chini ya mwembe alikuwa amepanga mawe na vigoda vya kukalia watu ishirini.